Ganda la Risasi Lililobonyea: Lipi Lifyatuliwe, Lipi Liwekwe Kando

Usiku wa kuamkia msimu wa kulungu, ambao hapa Texas hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, sanduku la risasi 20 za bunduki aina ya .30-06 lilituponyoka nyuma ya pikapu. Lilipiga sakafu ya zege, na deli la barafu likaanguka juu yake. Tulikuwa wanne, wote Waswahili wa Fort Worth, tukapiga magoti na tochi za simu kuziokota. Mdogo wetu wa kutoka Bukavu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kozi ya uwindaji, ile ambayo Texas huitaka kwa waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1971 na kuendelea. Akaniletea risasi moja kiganjani. Tumboni ilikuwa na bonyeo la ukubwa wa punje ya choroko.

"Kaka, hii imebonyea. Niitupe ao niipige?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi tangu nianze kuwinda, na zaidi tangu nianze kujaza risasi upya mwenyewe, yaani kutia baruti upya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa. Muulizaji hutaka neno moja tu, ndiyo au hapana. Mimi humrudishia swali: limebonyea wapi? Watu wengi hupima bonyeo kwa ukubwa. Wakiona shimo kubwa wanaogopa, wakiona dogo wanapuuza. Nimejifunza kwamba mahali ndipo panapoamua, na kwamba madhara mengine mabaya kabisa hayaonekani kama bonyeo hata kidogo. Kwa hiyo nitayaweka mabonyeo haya ubavuni mwa mengine, mawili mawili, ili ukishika risasi yako ujue imeangukia upande gani.

Jambo moja kwanza. Watengenezaji huonya kwamba risasi iliyoharibika isitumiwe. Nalisema mapema kwa sababu ninachoeleza hapa hakimlazimishi mtu kufyatua chochote. Kama kwako risasi moja si hasara, weka kando kila iliyobonyea na ulale usingizi.

Kinachotokea ndani ya chemba

Ganda la bunduki ya kuwindia kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba njano, mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Hupendwa kwa sababu hunyumbuka: huvutika bila kupasuka, kisha hujirudi kidogo. Pini inapopiga fataki, kile kikombe kidogo cha katikati ya kitako, baruti huwaka na gesi hulisukuma ganda likabanana na ukuta wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Hapo ndipo ganda linapofanya kazi yake kubwa, kuziba, ili gesi isirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Shinikizo likishuka shaba hujirudi kiasi cha unywele, ganda hulegea, na bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, hulitoa.

Kwa .30-06 kiwango cha juu cha shinikizo ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 60,000, kwa mujibu wa SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 32 hivi. Ndani ya chemba, basi, kuna shinikizo la zaidi ya mara 1,800 ya lile la tairi, na mbele yake ukuta wa shaba ambao shingoni una unene usiofika nusu milimita. Shaba hiyo peke yake isingeweza kuhimili. Inahimili kwa sababu nyuma yake kuna chuma cha chemba kinachobeba mzigo.

Hapo ndipo jibu la mabonyeo mengi linapopatikana. Bonyeo lililo mahali ambapo chuma kipo karibu nyuma ya shaba hunyooshwa na gesi. Ganda huingia na kovu, hutoka limenyooka kana kwamba limepigwa pasi. Lakini nyuma kabisa, pale kitako kinapokutana na uso wa bolti, kuna sehemu ndogo ambayo chemba haiifuniki. Pale shaba hujitegemea, na ndiyo maana watengenezaji huiacha nene. Kasoro ya pale haina wa kuisaidia.

Tumbo na kitako

Bonyeo la tumboni, katikati ya ganda, lenye kingo laini kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, ndilo dogo kuliko yote kwa hatari. Wengi huogopa kwamba linapunguza nafasi ya ndani na kupandisha shinikizo. Ni kweli kwamba linapunguza, ila tupige hesabu. Bonyeo lenye upana wa milimita 5 na kina cha milimita 1 hunyang'anya kama milimita za ujazo 10. Ganda la .30-06 hubeba takribani mililita 4.4 za maji. Umepoteza sehemu moja kati ya 400 na ushee. Tofauti za unene wa shaba kati ya kiwanda kimoja na kingine huzidi hapo. Kwa .223, ambayo ganda lake hubeba chini kidogo ya mililita 2, bonyeo lilelile hunyang'anya sehemu moja kati ya 180 hivi. Bado si la kutisha, lakini utaona kwamba kovu moja haliwi na uzito uleule katika kila ganda.

Sasa liweke hilo kando ya alama ndogo iliyo kitakoni, tuseme juu kidogo ya mfereji ambamo kucha ya bolti hushika. Kwa macho ni kitu duni, mkwaruzo wenye kina wa urefu wa punje ya mchele. Mimi hiyo siifyatui. Ganda likipasuka shingoni, gesi huvuja ndani ya chemba na mara nyingi mpigaji hagundui mpaka alione ganda likitoka na ufa. Likipasuka kitakoni, gesi ya psi elfu hamsini au sitini hutafuta njia kupitia bolti na magazini, na mkono wa kushoto na uso wa mtu viko jirani. Paul Mauser, mbunifu wa bunduki wa Kijerumani, alilijua hilo: kwenye bunduki yake ya mwaka 1898 bolti ina matundu mawili ya kutolea gesi pembeni, na nyuma yake kuna kikinga kipana cha kuielekeza isimfikie mpigaji usoni. Matundu yale yaliwekwa kwa sababu vitako hupasuka.

Kati ya hayo mawili kuna jambo la tatu, nalo ni mkunjo. Bonyeo laini ni shaba iliyosukumwa. Mkunjo ni shaba iliyovunjwa mgongo, wenye mstari mkali unaokamata ukucha ukipitisha kidole. Shaba ikikunjwa hukakamaa pale ilipokunjwa, na gesi inapokuja kuinyoosha haikubali, inachanika. Kwa hiyo nikiona kovu la tumboni sitazami upana wake kwanza. Napitisha ukucha. Ukiteleza, naendelea kuikagua. Ukikwama, risasi hiyo inaingia kopo la kando hata kama kovu lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Bega: angalia risasi yako inazuiwa na nini

Bega, pale ganda linaposhuka kutoka tumbo nene kwenda shingo nyembamba, ndipo watu hubishana zaidi, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa bunduki yake. Siri ni kujua kitu gani huizuia risasi isizame zaidi ndani ya chemba.

Kwa .30-06, .308, .270 na .223 kizuizi ni bega lenyewe. Kwa .30-30, na kwa ile .303 ya Waingereza iliyobebwa na askari wa King's African Rifles ambao wengine ni babu zetu, kizuizi ni ukingo uliotokeza kitakoni. Kwa .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa nyati Tanzania wanaijua vizuri, kuna ukanda mnene juu ya kitako, na huo ndio kizuizi.

Sasa linganisha. Bonyeo la upande mmoja wa bega la .30-06, mara nyingi likitokana na risasi kugonga mdomo wa chemba inapopanda kutoka kwenye magazini, haliondoi kizuizi, kwa sababu sehemu kubwa ya bega bado ipo mahali pake. Gesi italinyoosha. Lakini bega zima likisukumwa nyuma, hata nusu milimita pande zote, risasi huzama kupita kiasi. Pini inaweza kushindwa kupiga fataki sawasawa. Ikipiga, shingo na tumbo hung'ang'ania ukuta wa chemba huku kitako kikirudi nyuma kuufuata uso wa bolti, na shaba ya katikati huvutwa kama mpira wa manati. Ganda linaweza kukatika vipande viwili. Kwa .30-30 au .375 madhara hayohayo ya bega hayagusi kizuizi, kwa hiyo hatari hiyo hupungua sana. Ndiyo maana mzee mwenye .30-30 atakwambia amepiga risasi zenye mabega mabovu miaka arobaini na hajaona kitu. Hasemi uongo. Bunduki yake inazuia kwa ukingo, na kiwango chake cha juu cha shinikizo ni psi 42,000 tu. Usichukue ushauri wake ukaupeleka kwenye .270, ambayo hufika psi 65,000 na huzuiwa na bega.

Shingo, na kichwa kilichozama

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo risasi mbaya inapojificha ndani ya risasi nzuri.

Kwenye risasi nzima, shingo haiwezi kubonyea ndani sana kwa kuwa kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, kimo ndani yake. Ikigongwa, hupinda, au hufanya uvimbe upande wa pili. Uvimbe huo huibana risasi ndani ya chemba, na shingo iliyobanwa isiyopata nafasi ya kupanuka hukishikilia kichwa wakati gesi inataka kitoke. Shinikizo hupanda. Shingo yenye uvimbe, au kichwa kilichopinda ukikiviringisha mezani kikawa kinayumba, siifyatui.

Kibaya zaidi ni kichwa kilichosukumwa ndani ya ganda. Risasi ikianguka kwa ncha, au ikiingizwa na kutolewa chemba mara nyingi kwenye bunduki inayojipakia yenyewe, kichwa huweza kuzama. Ganda linabaki safi, linang'aa, halina kovu. Nafasi ambayo baruti ilikuwa inaanzia kuwaka imepungua, na shinikizo hupanda haraka. Kwenye bastola za maganda mafupi kama .40 S&W tatizo hili ni kali zaidi. Kwenye bunduki ganda ni refu na mara nyingi baruti yenyewe hukizuia kichwa kisizame mbali, ila huwezi kuona ndani, na si kila risasi imejaa baruti.

Kipimo chake hakihitaji fedha. Chukua risasi mbili nzima za sanduku lilelile, zisimamishe juu ya meza iliyonyooka, halafu simamisha ile unayoishuku katikati yake. Inama macho yawe usawa wa ncha. Ikiwa ya katikati ni fupi waziwazi, iondoe. Mwenye kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi, apime, lakini hata jicho hukamata milimita moja bila shida. Usilinganishe na risasi ya sanduku jingine, kwani vichwa vya aina tofauti hukalishwa kwa urefu tofauti. Na kama kichwa kinazunguka ukikishika kwa vidole, hakuna haja ya kupima: shingo imeacha kukishika.

Kwa wenzetu wanaomiliki bunduki kwa ulinzi wa nyumba na biashara, ambao kila jioni huingiza risasi chemba na kila asubuhi huitoa, naomba mlifanyie kazi hili. Risasi ileile ikirudi juu ya magazini kila siku, inapigwa kila siku. Zungusheni, na ile iliyoingia chemba mara kadhaa ilinganisheni na mpya kwa namna niliyoeleza.

Fataki: nukta na shimo

Kwenye bunduki za jamii ya AR-15 pini huelea, haina springi ya kuizuia, kwa hiyo bolti inapofunga kwa kishindo pini huigusa fataki na kuacha nukta ndogo. Nukta hiyo ni ya kawaida. Shimo refu katikati ni kitu kingine: fataki ilipigwa ikakataa kuwaka, na risasi hiyo hairudi kwenye magazini. Fataki iliyotokeza juu ya kitako nayo iwekwe kando bila mjadala, hasa kwa bunduki inayojipakia, kwa sababu bolti ikiigonga inaweza kuwaka kabla risasi haijakaa. Kujua, pitisha kidole juu ya kitako: fataki inatakiwa iwe usawa na shaba au chini yake kidogo. Na wala asitokee mtu wa kuinyoosha kwa nyundo au koleo.

Risasi nzima na ganda tupu

Watu wawili wanaweza kushika shaba yenye kovu lilelile wakastahili majibu mawili, mmoja ana risasi nzima, mwingine ana ganda tupu la kujaza upya. Mwenye risasi nzima haoni ndani. Mwenye ganda tupu anaweza kulimulika kwa tochi, kulinyoosha, kulipima, na kulitupa bila hasara. Kwa hiyo mimi huwa mkali kwa risasi nzima na mpole kwa ganda tupu, ingawa wengi hufanya kinyume, kwa sababu risasi nzima inauma mfukoni.

Maganda tupu hubonyea hasa yanaporushwa nje. AR-15 za leo zina kinundu nyuma ya tundu la kutolea maganda, kinachoyapiga maganda yasimrukie anayetumia mkono wa kushoto, na kinundu hicho huacha kovu tumboni au mdomoni mwa ganda. G3, ambayo wasomaji wa Kenya wanaifahamu, pamoja na HK91, ndugu yake ya kiraia, huyarusha maganda kwa nguvu zaidi, na chemba yake yenye mifereji huyachora mistari myeusi kwa urefu. Mistari ile si nyufa. Makovu ya aina hii, yakiwa laini, hunyooka kwa kupitisha ganda kwenye kalibu, chuma chenye tundu la kulirudishia ganda umbo lake, na kisha kwa moto wa risasi inayofuata. Mdomo uliobanwa ukawa kama jicho la sindano hunyooshwa taratibu kwa kitu cha mviringo kabla ya kalibu, mradi haukufanya mkunjo.

Kisha yapo mabonyeo tunayojitengenezea wenyewe. Ukipaka grisi nyingi kabla ya kusukuma ganda kwenye kalibu, grisi haina pa kwenda, inajikusanya begani na kubonyeza shaba. Yanaonekana vibaya lakini kwa kawaida ni ya sura tu: futa grisi, safisha tundu la kupumulia la kalibu, endelea. Nilipoanza niliyatupa maganda 30 ya namna hiyo kwa hofu. Wiki hiyohiyo nikajaza mengine yaliyong'aa vizuri, ambayo moja lilikatika juu ya kitako wakati wa kupiga, sehemu ya mbele ikabaki imekwama ndani ya chemba. Sikuumia. Lakini nilikuwa nimetupa yenye makovu ya sura na kubakiza yaliyochoka.

Ganda lililochoka huonyesha pete angavu kuzunguka tumbo, karibu na kitako, pale shaba ilipovutika ikawa nyembamba. Chukua waya wa kubania karatasi, ukunje ncha iwe ndoano ndogo, uiingize ndani ya ganda na kuiburuta kutoka chini kwenda juu ukiigusisha ukutani. Ikidumbukia kwenye mfereji karibu na kitako, ganda limekwisha. Weka ganda hilo ubavuni mwa lile lenye bonyeo la ukubwa wa punje ya choroko, ukaniambia nichague moja, nitachukua lililobonyea kila siku.

Kwa anayeanza, aangalie pia tundu la ndani la kitako. Maganda ya fataki za Boxer yana tundu moja katikati, na fataki hutolewa kwa urahisi. Ya Berdan yana matundu mawili madogo na hayafai kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ikashika ya Boxer, na ya Berdan ikaenea Ulaya.

Shaba na chuma

Yote niliyosema kuhusu bonyeo kunyooshwa na gesi ni ya shaba njano. Maganda ya chuma, yale ya kijivu au ya kijani yaliyotoka sana Urusi kwa ajili ya 7.62x39 na .223, ni makavu zaidi. Hayajirudi kama shaba, na ganda lililojibana ukutani huweza kukwama. Tena bonyeo hukwangua rangi au lakiri inayozuia kutu, na unyevu huanzia hapo. Mwaka 2021 Marekani ilisitisha vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na tangu hapo wapo wanaozitunza za zamani kama dhahabu. Naelewa. Lakini bonyeo lenye kutu ndani yake si kovu tena, ni ukuta unaoliwa, na sioni bei inayohalalisha kulijaribu. Maganda ya aluminiamu ni laini na hayakukusudiwa kutumika mara ya pili. Yaliyopakwa nikeli ni shaba kwa ndani, yahukumu kama shaba, ila mpako huweza kuficha ufa mwembamba, kwa hiyo yamulike vizuri.

Uwanja wa shabaha na porini

Tuseme risasi imepita yote: bonyeo laini la tumboni, kitako safi, shingo imenyooka, urefu sawa na wenzake. Bado kuna kuchagua pa kuipigia.

Kwenye uwanja wa shabaha, ikikwama umepoteza dakika tano. Kwa bunduki ya bolti mkono wako ndio kipimo: isukume kwa nguvu uliyozoea, na ikikataa itoe, usiisaidie kwa kiganja. Kwa bunduki inayojipakia springi haina hisia. Itaisukuma tu, na huenda ikakwama nusu njia, isiingie wala isitoke. Ndiyo maana zilizobonyea nazipigia kwenye bolti nikiwa na uchaguzi. Jaribio la kama inaingia chemba lifanyike palepale uwanjani, mtutu ukielekea kwenye kichuguu cha kupokea risasi, kamwe si sebuleni.

Porini mambo hugeuka. Kulungu hakusubiri ufungue bolti mara ya pili, na nyati ndiyo kabisa. Mtu aliyelipia safari ya kuwinda Tanzania akibeba .375 yenye kovu tumboni, hatari yake kubwa haitakuwa ganda kupasuka. Itakuwa bolti kugoma kufunga nyati akiwa hatua ishirini, na mfuatiliaji nyayo wake amesimama mbele yake bila bunduki. Kwa hiyo za porini ninazichambua mara mbili, kila moja nikiiviringisha kwenye mwanga, na zenye alama yoyote zinabaki kwa mazoezi.

Ukipiga ukasikia "tik" tu, mtutu ubaki kwenye kichuguu kwa sekunde 30 bila kufungua, kwa sababu fataki huweza kuchelewa. Ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, simama, toa magazini, toa ganda, na uhakikishe kwamba mtutu hauna kichwa kilichokwama kabla ya kupiga nyingine. Na miwani machoni muda wote, hata kwa risasi zisizo na kovu.

Za kopo la kando

Zilizokataliwa hazitupwi kwenye taka za nyumbani, hazichomwi wala hazizikwi uani. Viwanja vingi vya shabaha hapa vina ndoo maalumu ya risasi mbovu. Anayejaza mwenyewe anaweza kuzifungua kwa nyundo ya kung'olea vichwa, akabakiza kichwa na kutupa ganda. Ndugu mlioko Tanzania na Kenya, ulizeni duka lenye leseni mlikonunua, au kituo cha polisi kinachoshughulikia kibali chenu.

Usiku ule tulizipanga zote 20 juu ya mfuniko wa deli, chini ya taa ya gereji. Kumi na sita zilikuwa safi. Tatu zilikuwa na makovu laini ya tumboni, tukaziweka kwa ajili ya uwanjani. Ile ya mdogo wetu tuliipitishia ukucha, ukateleza. Kitako chake kilikuwa kizuri, bega lake zima. Akatabasamu, akadhani imepita. Nikamwambia aisimamishe katikati ya mbili safi na ainame.

Alikaa kimya kidogo, akaigusa ncha kwa kidole. "Kaka, hii ni fupi."

Ilikuwa fupi kwa milimita moja hivi. Deli lilikuwa limekisukuma kichwa ndani, na lile bonyeo la tumboni, alilokuwa amelishika na kuliuliza tangu mwanzo, halikuwa na kosa lolote.